Stendapu Si Paredi: Viongozi wa Timu za Softwea, Tuongee

Nitasema mapema ili tusipotezeane muda. Timu nyingi za softwea hapa kwetu zinazojiita za ajaili hazina ajaili yoyote. Zina paredi ya asubuhi, zina monita wa darasa anayelipwa mshahara, na zina ile orodha ya wapiga kelele, tofauti tu ni kwamba imetoka kwa daftari ikahamia kwa kompyuta. Halafu kuna zile chache zilizofukuza monita zikaangukia shimo la pili: hazina kiongozi kabisa, na bado zinajipigia makofi ati "sisi ni timu inayojiongoza."

Mashimo haya mawili yamechimbwa na jembe moja. Hatujawahi kukaa chini tukajiuliza: ukiwa na watu wanaojua kazi yao, kiongozi ni wa nini? Mimi nasema anahitajika kuliko hata zamani, ila kazi yake siyo hiyo mnayofanya. Ninaandikia nyinyi wa maofisi ya ghorofani Kenyatta Avenue, na nyinyi mnaofanya kazi ya Nairobi mkiwa sebuleni Section 58, Milimani ama Free Area. Mnajijua.

Kama wewe si mtu wa kompyuta usitoroke. Hii habari inahusu pesa yako pia, utaona.

Neno lenyewe lilitoka wapi

Februari 2001, watu 17 walikutana Snowbird, kule Utah, Marekani. Walikuwa watengenezaji programu waliochoshwa na mtindo mmoja: unaandika mpango wa kurasa mia, unajifungia kujenga mwaka mzima, kisha unamfungulia mteja mlango unakuta biashara yake ilishabadilika zamani. Wakaandika tamko fupi sana. Kwa lugha yangu, walisema hivi: watu na mazungumzo yao yawe mbele ya taratibu; programu inayofanya kazi iwe mbele ya makaratasi; kushirikiana na mteja kuwe mbele ya kuvutana juu ya mkataba; na hali ikibadilika, ubadilike nayo badala ya kushikilia mpango uliokufa. Wakaongeza kanuni 12. Mojawapo inasema utafute watu wenye moyo wa kazi, uwape mazingira na msaada, kisha uwaamini. Nyingine inasema kazi nzuri hutoka kwa timu zinazojipanga zenyewe.

Sasa hapo kwa "kujipanga" ndipo Mkenya alipotupoteza. Unajua hapa kwetu ukiambiwa "jipange" maana yake ni nini. Maana yake ni shauri yako, tutaonana mbele. Bosi akasikia "timu inajipanga", akatafsiri "jipangeni", akawasha gari akaenda. Ama akasikia hivyo hivyo akaogopa kupoteza kiti, akaamua atasimamia huko kujipanga yeye mwenyewe, kila asubuhi saa mbili, na kalamu mkononi.

Kuna umbali mkubwa kati ya timu kujipanga na kiongozi kuiambia timu "jipangeni." Umbali huo ndio mada ya leo.

Paredi

Kila mtu aliyesoma shule ya msingi hapa nchini anaijua paredi. Mnasimama mistari, mwalimu wa zamu anapita, anaangalia kucha, anaangalia soksi, anataja majina. Ukitajwa, hata kama hujui umekosa nini, tumbo linachezacheza.

Stendapu ilitungwa kwa sababu nyingine kabisa. Kwa mtindo wa skramu ni dakika 15 za watengenezaji wenyewe. Wanaangalia lengo walilojiwekea kwa ile sprinti, tuseme wiki mbili, na kujiuliza: tuko karibu au tumepotea? Nani amekwama? Leo tubadilishe nini? Meneja hata si lazima awepo.

Kwetu imekuwaje? Saa mbili kamili mko kwa simu ya video. Mkubwa anaanza na jina la kwanza: jana ulifanya nini? Unajitetea. Jina la pili. Anajitetea. Hakuna anayemsikiliza mwenzake kwa sababu kila mtu anatunga kichwani utetezi wake. Dakika 50 baadaye mkubwa ameridhika kwamba watu wako kazini, na watu wamejifunza kitu kimoja tu: usiseme umekwama, maana kukwama ni kosa la kutajwa paredini.

Matokeo ni nini? Tatizo lililojulikana Jumatatu linafichwa hadi Ijumaa ya wiki ya pili, siku ya kumwonyesha mteja. Hapo linalipuka, na mkubwa anashangaa: "Mbona hamkusema?" Boss, ulikuwa ukiuliza kila siku. Ila ulivyouliza ndivyo ulivyotufunza kunyamaza.

Kilo za maziwa

Niwape mfano nilioshuhudia, kwa kampuni moja ambayo jina lake naliweka mfukoni. Tulikuwa tukitengeneza programu ya simu ya kupima na kuandika maziwa ya wakulima. Mkulima analeta maziwa asubuhi na jioni, karani anapima, simu inaandika, mwisho wa mwezi hesabu inatoka.

Kijana mmoja aliyekuwa kwa atachimenti aliona kitu. Kwa aina fulani ya simu, programu ilikuwa ikikata desimali. Mkulima akileta kilo 7.6, mfumo unaandika 7. Alisema kwa stendapu siku ya kwanza. Akaambiwa "hiyo weka kando, leo tunataka rangi mpya ya ukurasa wa kwanza, mteja anakuja kesho." Akasema siku ya pili. Akasema siku ya tatu, kwa sauti ya chini zaidi. Siku ya nne hakusema.

Hebu piga hesabu na mimi. Gramu 600 asubuhi, gramu 600 jioni, hiyo ni kilo 1.2 kwa siku. Kwa siku 30 ni kilo 36. Weka shilingi 50 kwa kilo, bei ya mfano tu, inakuja 1,800. Kwa mama mwenye ng'ombe wawili, 1,800 ni dawa ya kupe, ni pumba, ni daftari na viatu vya mtoto. Na hawezi kuthibitisha, kwa sababu kompyuta imesema 7, na nani atabishana na kompyuta?

Programu ilitoka hivyo. Wakulima walipolalamika na mteja akaja juu, kiongozi wa timu alifanya nini mbele ya mteja? Alimnyooshea kidole yule kijana wa atachimenti, ati ndiye alikuwa anashughulikia sehemu hiyo. Yule yule aliyesema mara tatu! Wiki hiyo akaambiwa asirudi.

Nimeona watu wakiita hiyo bagi ya programu. Bagi ya programu ilikuwa mstari mmoja, ilirekebishwa kwa dakika kumi. Bagi kubwa ilikuwa imevaa shati na tai.

Linganisha na Toyota, hiyo hiyo kampuni iliyotupa Probox na Hiace zinazotubeba kila siku. Katika viwanda vyake kuna kamba juu ya laini ya kuunda magari. Mfanyakazi yeyote, hata mgeni, akiona kasoro anavuta. Taa inawaka, kiongozi wa timu anakuja mbio kumsaidia. Tatizo lisipotatuliwa upesi, laini inasimama. Fikiria gharama ya kusimamisha laini ya magari. Lakini walishaamua kwamba kasoro iliyosafiri mbele ni ghali kuliko laini iliyosimama. Mawazo mengi ya ajaili yamekopwa kutoka huko. Sisi tulikopa ubao wa kubandika karatasi za rangi, kamba tukaiacha Japani.

Na angalia kazi ya kiongozi hapo. Mfanyakazi akivuta kamba, kiongozi hapotei na wala haji na kiboko. Anakuja.

Raga haina bosi, lakini ina nahodha

Najua kuna wenzangu wanaosoma wakisema "ndio maana hatutaki meneja!" Tulieni, zamu yenu imefika.

Neno skramu lenyewe linatoka kwa raga. Mwaka 1986 wasomi wawili Wajapani, Takeuchi na Nonaka, waliandika makala katika Harvard Business Review kuhusu kampuni zinazotengeneza bidhaa mpya. Walisema mtindo wa zamani ni kama mbio za kupokezana kijiti: huyu akimaliza anampa yule, anaenda kupumzika. Mtindo mpya ni kama raga, timu nzima inasonga pamoja ikipasiana mpira. Miaka ya tisini, Ken Schwaber na Jeff Sutherland wakalichukua neno hilo wakalipa softwea.

Sisi watu wa Nakuru hatuhitaji kuchorewa hii. Kama umewahi kwenda Nakuru Athletic Club wakati wa Prinsloo Sevens, unajua. Na kwa raga ya wachezaji 15, watu wanane wanaingia skramu, wanafungana mabega, wanasukuma kwa wakati mmoja. Hakuna wa tisa anayesimama kando akiwauliza jana mlisukuma nini. Mpaka hapo mnanipigia makofi.

Lakini refa akipuliza filimbi ya penalti, nani anaamua kama mpira upigwe kwa posti kuchukua pointi tatu, ama upelekwe kona kutafuta trai? Wachezaji 15 hawapigi kura. Nahodha anaangalia saa, anaangalia matokeo, anaangalia mpigaji wake ana mguu gani leo, anaamua. Akikosea, ni yeye atakayeulizwa. Kocha yuko kando na hawezi kuingia uwanjani kushika mpira, lakini yeye ndiye aliyechagua nani acheze na ndiye aliyefanyisha mazoezi wiki nzima.

Kwa hivyo hata mchezo uliotupa jina una uongozi kila kona. Umegawanywa tu. Kila mtu anajua uamuzi upi ni wa nani.

Timu isiyo na kiongozi haibaki bila kiongozi. Nafasi hiyo inajazwa usiku usiku. Inajazwa na mwenye sauti kubwa, ama aliyeingia kampuni kwanza, ama rafiki wa mwenye pesa. Huyo anaamua kila kitu na hawajibiki kwa chochote, kwa sababu rasmi "sisi wote ni sawa." Mimi afadhali bosi mwenye jina mlangoni kuliko bosi asiyeonekana.

Angalia kambi ya Kaptagat anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge. Kila mtu anajua kwamba pale kazi za kambi zinagawanywa, na bingwa wa Olimpiki anasafisha choo kama mwingine yeyote. Usawa safi. Lakini programu ya mazoezi ni ya Patrick Sang. Usawa wa kushika mopu haujafuta swali la nani anaamua leo tunakimbia kilomita ngapi.

Waliofanya vizuri walikuwa wa hapa hapa

Kuna watu hudhani haya mambo ni ya wazungu wa California. Acheni niwape mifano miwili ya nyumbani.

Wa kwanza ni M-Pesa. Haikuanza kama unavyoijua. Nick Hughes wa Vodafone alipata ruzuku ya serikali ya Uingereza, karibu pauni milioni 1, na mradi ulikuwa wa mikopo midogo: mtu akope na kulipa kwa simu. Oktoba 2005 majaribio yakaanza, Nairobi na Thika, pamoja na Faulu. Susie Lonie akaja kuyasimamia hapa hapa, akiwa karibu na watumiaji wenyewe. Na wakaona vituko. Watu walikuwa wakitumiana pesa. Mtu anamlipia mwenzake mkopo, kisha wanamalizana wenyewe. Wafanyabiashara wanahamisha pesa kwa simu wasitembee na noti mfukoni. Ule upande wa mikopo ya vikundi ndio ulikuwa mgumu, na hesabu zake hazikulingana vizuri na taratibu za vikundi.

Sasa jiweke kwa kiti chao. Una ruzuku iliyoandikwa mikopo. Una mshirika wa mikopo. Una mpango wa mikopo. Na watumiaji wanakuambia kwa vitendo: hatutaki hiyo, tunataka kutuma pesa nyumbani. Kiongozi wa paredi angesema watu wafunzwe kutumia programu vizuri. Hawa waliamua kuweka mpango kando. Machi 2007 Safaricom chini ya Michael Joseph ikazindua kitu kimoja rahisi, kutuma pesa nyumbani, na kabla ya mwaka kwisha wateja walikuwa wamepita milioni 1.

Waliojua kilichotakiwa ni watumiaji. Walioliona ni watu wa chini waliokaa nao. Lakini wale waliokuwa na mamlaka ya kutupa mpango ndio walioutupa, na kusikia peke yake kusingetosha.

Mfano wa pili unauma, na unauma zaidi hapa. Mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, Bonde la Ufa lilikuwa linawaka, na mwisho wa Januari ikawa zamu ya Nakuru na Naivasha. Ory Okolloh, wakili na mwanablogu, alikuwa akipokea ripoti kutoka kila mahali mpaka zikamshinda. Akaandika wazo moja: kuna mtu wa teknolojia anayeweza kuweka haya matukio kwa ramani? Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakajitokeza na wengine. Kobia, aliyekuwa Marekani, akaandika msimbo. Ndani ya siku chache Ushahidi ilikuwa hewani, na baadaye ikatumika Haiti baada ya tetemeko la 2010.

Hakukuwa na ofisi, paredi wala daftari. Ukiangalia haraka utasema, si unaona, hawakuhitaji kiongozi. Angalia tena. Kulikuwa na mtu aliyelitaja tatizo kwa sentensi moja ambayo kila mtu aliielewa: watu wanaumizwa, wapi na lini, tuandike isifichwe. Hakuwaambia watumie lugha gani ya programu. Hakuwauliza jana walifanya nini. Tatizo lilikuwa wazi hivi kwamba kila mtu alijua achukue kipande gani. Huo ndio uongozi wenyewe.

Na tarehe zisizosonga?

Hapa mameneja hunijibu: "Kijana, unaongea vitamu, lakini kuna tarehe. Mteja hataki falsafa."

Sawa. Tuchukue tarehe ngumu kuliko zote, uchaguzi. Tarehe 4 Machi 2013 Wakenya walipiga kura, na teknolojia mpya ilikuwa imeahidiwa. Vifaa vya kutambua wapiga kura vikazima betri katika vituo vingi, vingine maafisa wakashindwa kuvifungua. Mfumo wa kupeperusha matokeo ukakwama, ikabidi tume irudie fomu za karatasi. Lakini angalia kalenda. Ununuzi wa vifaa vya usajili ulivutana mpaka usajili wenyewe ukaanza 19 Novemba 2012, chini ya miezi minne kabla ya kura. Hakuna mtengenezaji programu duniani angeziba muda huo kwa kukesha.

Tarehe isiyosonga haimpi kiongozi ruhusa ya kupiga kelele zaidi. Inamlazimisha afanye mambo mawili magumu. Kwanza, apunguze kazi: kama siku ni ile ile, basi vipengele vipungue, na aseme mapema ni vipi vitakosa. Pili, ajaribu mapema mahali halisi, darasa lisilo na stima, afisa aliyefunzwa siku moja. Tarehe ngumu ndiyo inayohitaji ajaili zaidi, kwa sababu huna nafasi ya kugundua ukweli siku ya mwisho.

Meneja anayeahidi tarehe bila kuuliza timu, kisha anaita kukesha kwetu "kujitolea", amekopa kwa jina letu. Na sisi ndio tunalipa riba, kwa usingizi.

Kwa hivyo kiongozi ni wa nini

Nimelalamika vya kutosha, sasa nitaje kazi zenyewe. Naona ni tano.

Kwanza, kusema tatizo. Tatizo, siyo suluhisho. "Mkulima haamini kilo zake" ni tatizo. "Wekeni rangi ya kijani hapo juu" ni amri ya mtu aliyeota jana usiku. Ukishatuambia tatizo, tuachie jinsi.

Pili, kusema hapana. Mteja akipiga simu Jumatano na wazo jipya katikati ya sprinti, kiongozi anasimama mlangoni kama soja. Analiandika, analiweka kwa orodha, anamwambia litaangaliwa sprinti ijayo. Ukipitisha kila simu ya mteja moja kwa moja mpaka kwa meza ya mtengenezaji, wewe ni laini ya simu tu, na simu ni rahisi kukulipia kuliko mshahara wako.

Tatu, kufungua njia. Mtu amekwama akisubiri nywila ya seva kutoka idara nyingine siku nne. Yeye ni mdogo, hawajibu barua pepe zake. Wewe una cheo, piga simu moja. Hicho ndicho cheo kilitengenezewa. Skramu ina mtu wa kazi hiyo, anaitwa skramu masta, na mwongozo wake wa 2020 unamweleza kama kiongozi wa kweli anayewahudumia wengine. Hapa kwetu tumemfanya karani wa kuita mikutano.

Nne, kuamua tukikwama. Watu wawili wazuri wanaweza kubishana kuhusu hifadhidata wiki nzima. Sikiza pande zote, toa uamuzi, ueleze sababu, tusonge. Kama mtu mwingine ana uwezo zaidi wa kuamua hilo, mpe, na umwache aamue kweli.

Tano, kusimama mbele lawama ikija. Hii ndiyo kipimo. Sifa zikija unawaita wote, lawama ikija unasema "mimi ndiye kiongozi, niulizeni mimi." Siku ukimtoa kijana wa atachimenti mbele ya mteja, ajaili imekufa kwa hiyo ofisi, hata mkibandika karatasi za rangi mpaka kwa dari. Kuanzia siku hiyo hakuna atakayevuta kamba.

Hakuna hata moja kati ya hizo tano inayohitaji kujua jana nilifanya nini saa nne na nusu.

Majibu kwa mabishano ninayoyajua

"Watu wetu bila kusukumwa hawafanyi kazi." Nimesikia hii kutoka kwa wazee wa heshima na bado naikataa. Kazi ya softwea si kuchimba mtaro, huwezi kuiona kwa macho. Mtu anayegonga kibodi siku nzima anaweza kuwa anaongeza matatizo, na yule anayeangalia ukuta anaweza kuwa ndiye atakayekuokoa. Njia ya kujua kama watu wanafanya kazi ni kuona programu inayofanya kazi kila wiki mbili, mkononi mwa mtumiaji. Kama kweli umeajiri wavivu, swali la kwanza ni nani aliyewaajiri.

"Sisi ni kampuni ndogo, hatuna pesa za mambo ya Snowbird." Hii naielewa zaidi. Najua ofisi za Nakuru ambako mtu mmoja ndiye mkurugenzi, ndiye muuzaji, ndiye anayepokea simu za wateja na ndiye anayelipa kodi ya nyumba mteja akichelewesha malipo miezi mitatu. Huyo simtupii mawe. Lakini pesa ikiwa kidogo, ndipo huwezi kumudu kujenga kitu kibaya kwa miezi sita. Kumwonyesha mkulima programu nusu iliyoiva kule Bahati ama Molo ni nauli ya matatu tu. Kuirudia yote baadaye ni kampuni kufungwa.

"Vijana wa siku hizi hawana heshima, ukiwapa nafasi wanabishana." Kubishana ndiyo kazi tuliyoajiriwa kufanya. Kijana anayekuambia kilo zinakatwa hajakukosea heshima, amekulindia jina.

Na vijana wenzangu, msijifiche nyuma ya mada hii. Ukidai timu ijipange, basi kubali kazi yako ionekane, kubali mwenzako akukosoe, na useme umekwama siku ile ile, usingoje kuulizwa. Hatuwezi kutaka uhuru wa mtu mzima na visingizio vya mwanafunzi. Lakini sitajifanya mzigo ni sawa. Mwenye uwezo wa kufukuza ndiye anayepaswa kuanza, kwa sababu asiye nao akianza peke yake, tushaona anaenda wapi.

Kwa hivyo nawawekea viongozi changamoto moja rahisi. Kesho stendapu ikianza, zima kipaza sauti chako. Dakika 15, usiseme neno. Timu ikiongea yenyewe kwa yenyewe, mshukuru Mungu, uko na timu. Ikinyamaza wote wakikungoja utaje majina, basi umepata jibu, na usiwaulize wao shida ni nini. Kisha mtafute aliyekuwa wa mwisho kuajiriwa, mnunulie chai, umuulize ni kitu gani alishawahi kusema mara tatu kisha akaacha kusema.

Andika atakachokuambia. Hapo ndipo sprinti yako ijayo inapoanzia.